Maji Aliyoyaona Binti Yetu

Nyumba yetu iko Kimbo, Ruiru, ghorofa ya tatu. Humo tunaishi watu watano, na kwa muda mrefu ugomvi wetu ulikuwa ule wa kila nyumba: nani amemaliza maji ya mtungi, nani ameacha sufuria ya ugali bila kuiloweka. Kisha kifungua mimba wetu, msichana wa miaka kumi na sita aliye kidato cha tatu, akaanza kuona mambo.

Nianze na mama muuza mandazi, maana ndiye wa kwanza. Ilikuwa likizo ya Aprili 2024. Binti alitumwa mandazi ya chai akarudi mikono mitupu, macho mekundu. Alisema alipofika pale maneno yalimtoka kabla hajayafikiri: alimwambia yule mama kwamba Mungu amemwona mtoto aliyemzika bila kumwambia mtu. Mama wa watu aliacha karai likiunguza mafuta akaketi juu ya gunia la unga. Saa sita mchana alipanda ngazi hadi kwetu. Nilijua amekuja kutusuta. Kumbe mimba yake ya miezi mitano ilikuwa imeharibika Januari, alipokuwa kwao, na hata mumewe anayefanya kazi mbali hakuwa amejua. Alikuja kumshika binti mkono na kumwambia kwamba tangu siku ile hakuwa amelia, na leo amelia, na kifua kimekuwa chepesi.

Naamini neno lile lilitoka kwa Mungu. Nalisema mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi.

Lakini mandazi huliwa na ploti nzima, na habari nayo ikaliwa hivyo hivyo. Kabla wiki haijaisha, ngazi zetu zilikuwa zimejaa watu. Mama mmoja alimleta bintiye anayetaka kwenda kufanya kazi Saudia, akitaka kujua kama wakala wao ni mkweli. Kijana wa kuosha magari alitaka matokeo ya mechi za Jumapili apate kubashiri. Mzee mmoja alikuja na picha ya mkwewe. Kitinda mimba wetu akajipa kazi ya bawabu, akawapanga watu foleni kwenye kibaraza. Na shangazi yao, dada ya mume wangu, aliyekuwa ameonyeshwa ploti kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, akawa haondoki kochini: alitaka mpwa wake aiombee ndoto.

Binti akaacha kulala. Usiku nilimkuta jikoni na redio sikioni, kitabu cha kemia kimefunguliwa ukurasa ule ule wa jana yake. Nilimuuliza kulikoni. Akaniambia, "Mama, nikilala nitaona. Nikiona nitaulizwa."

Baba yao alinyamaza siku za kwanza, kisha akalipuka. Mume wangu amelelewa na mama Mkorino, wa kanisa la vilemba vyeupe, na alikulia katika nyumba ambamo ndoto za watu wazima ziliamua nani asafiri na nani abaki. Utotoni alitolewa shule muhula mzima kwa sababu jirani fulani aliota hatari njiani. Jirani yule hakuwahi kuulizwa kitu. Muhula ule haukurudi. Juu ya jeraha hilo la zamani kulikuwa na lile la nchi nzima: Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na miili iliyotolewa ilipita 400, watu walioaminishwa kwamba wakifa kwa njaa watakutana na Yesu. Kila binti alipofungua kinywa, baba yake alisema, "Hata wale walianza na ndoto." Akapiga marufuku unabii ndani ya nyumba yake.

Simlaumu. Ila mtoto hakatazwi kuota kama anavyokatazwa kuchelewa nje. Marufuku ile ilimfundisha kuficha tu. Akawa anaandika anayoyaona nyuma ya kitabu cha kemia, kwa herufi ndogo ndogo.

Na huku akikatazwa nyumbani, nje alikuwa anavutwa. Mhubiri mgeni aliyekuja kwa mkutano wa injili alipata habari zake, akatuma ujumbe kwamba karama isiyoonyeshwa hunyauka, kwamba aletwe mbele apewe kipaza sauti, na kwamba wazazi watangulize mbegu ya kuifungua karama hiyo. Baba yake alikataa, nami siku hiyo nilikuwa upande wake kabisa. Mtu mzima anayemsimamisha mtoto jukwaani ili awatolee watu wazima siri zao, kisha akapitisha kapu la sadaka, anamdhuru mtoto huyo, hata kama kila neno lililosemwa ni la kweli.

Hapo ndipo maji yalipoingia.

Mvua ya masika ya mwaka ule inakumbukwa. Watu zaidi ya 200 walikufa nchini kwa mafuriko. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili maji yalifagia vijiji vya Mai Mahiu watu wakiwa usingizini. Ufunguzi wa shule uliahirishwa, na Ijumaa ya tarehe 3 Mei ukaahirishwa tena bila siku kutajwa, kwa hiyo watoto wetu wote walikuwa nyumbani. Jumamosi yake, kabla ya mapambazuko, binti alikuja jikoni akasimama mlangoni. "Nimeona maji ndani ya nyumba," alisema. "Yanatokea chini ya mlango. Na patipati za Shosho, zile za bluu, zinaelea."

Shosho huyo ni mama mkwe wangu, na binti ndiye wajina wake, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu kwa binti wa kwanza. Anaishi Thika, mwendo mfupi kutoka ukingo wa mto. Na mto Thika unashuka kutoka bwawa la Ndakaini, kule Gatanga, lenye uwezo wa kushika mita za ujazo milioni 70, ambalo ndilo linalonywesha sehemu kubwa ya jiji la Nairobi. Majuma yale kila kibanda cha chai kilikuwa na mtu anayenong'ona kwamba bwawa limejaa. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza swali la pili. Baba yao, mwenye marufuku, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika simu. Shangazi akamwamsha shemeji mwenye pikapu. Jua halijachomoza tulikuwa barabarani, tumebanana mbele na nyuma, binti katikati yetu kimya.

Tulivuka mto Ndarugu baada ya Juja, tukapita mashamba, tukaingia Thika. Mji ule si mgeni kwa unabii. Bustani ya Mugumo iliyoko pale imepewa jina la mti ambao, kwa simulizi za wazee, Mugo wa Kibiru alisema siku utakapoanguka ndipo utawala wa wageni utakapokwisha. Wakoloni waliufunga vyuma usianguke, na mwaka 1963 radi ikaupasua. Mtu aliyekua na simulizi kama hiyo hawezi kulisikia neno la mtoto akalipuuza. Hapo ndipo uzuri wetu ulipo, na hapo hapo ndipo hatari yetu ilipo.

Shosho tulimkuta akinywa uji, kilemba kichwani, patipati za bluu miguuni. Uani kulikuwa na matope ya kawaida ya Mei. Alitusikiliza sote tukisema kwa pamoja, kisha akauliza, "Huyu mtoto amesema nini hasa?"

"Amesema mto unakuja kukubeba, Mama," akajibu shangazi.

"Na neno hilo limepimwa na nani?"

Tukatazamana. Mume wangu, aliyekuwa ameapa kwamba ndoto haitamwendesha tena maishani, alikuwa tayari amebeba godoro begani. Akasema, "Mama, nakuomba. Twende tu." Shosho alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akaweka kikombe chini. Alisema anakwenda kwa sababu hataki mtoto wake alale na hofu, wala si kwa sababu ya mto. Tukapakia godoro, sanduku la picha, magunia mawili ya mahindi na kuku.

Sasa lazima nieleze jambo la mifereji, maana bila hilo kisa hakieleweki. Ruiru imejaa watu kuliko mabomba yake. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji huu watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika iliyokuwa na 251,407. Palipokuwa na kahawa pamepandwa ghorofa. Maji huja kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane, kwa hiyo katika nyumba nyingi za Kimbo mfereji wa bafuni huachwa wazi na pipa chini yake. Maji yakija, anayesikia huamka kuufunga, na pipa likifurika, maji yanaingia kwenye tundu la sakafuni, hakuna aliyeumia. Wiki ile mfereji ulikuwa mkavu tangu Jumanne.

Tulipofika na mizigo, sebule ilijaa mara moja. Magunia ya mahindi yakapelekwa bafuni, na moja likakaa barabara juu ya lile tundu la sakafuni. Kuku wakafungiwa jikoni kwa kamba ambayo haikuwazuia sana. Jioni shangazi akatangaza kwamba lazima tumshukuru Mungu kwa kumwokoa Shosho, na kanisani kulikuwa na kesha. Tulikwenda sote. Shosho alivaa viatu vyake vya ibada, akaziacha patipati mlangoni kwa ndani.

Tulirudi alfajiri tukiimba. Kwenye ngazi ya kwanza viatu vyetu vililowa. Kwenye ya pili tulimkuta jirani wa chini amesimama na fagio, amevaa leso, amekasirika kiasi cha kukosa maneno. Dari yake ilikuwa inadondosha juu ya makochi. Mume wangu alifungua mlango, na maji yakatoka chini yake na juu ya kizingiti, na patipati mbili za bluu zikaja zikielea kutupokea.

Ndani, gunia lililoziba tundu lilikuwa limenyonya maji likavimba. Godoro la Shosho lilikuwa limelowa upande mzima. Kuku walikuwa juu ya meza ya televisheni. Kitabu cha kemia kilikuwa sakafuni, wino wa kurasa za nyuma umesambaa. Simu ya Shosho ikalia wakati ule ule: jirani yake wa Thika, akitaka kujua amekwenda wapi, maana nyumba yake ni kavu na mto umebaki mahali pake.

Shangazi alisimama katikati ya maji, mikono juu. "Neno limetimia!" alisema. "Limetimia, jamani!"

"Tumelitimiza wenyewe," akasema kaka yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Kama tungebaki nyumbani, gunia lisingekuwa pale. Mfereji ungefungwa."

Wakaanza kubishana, mmoja akisema huu ni uthibitisho, mwingine akisema ni hasara, na mimi natafuta ndoo. Binti alikuwa ameketi kwenye ngazi, sketi yake imelowa. Aliongea taratibu, lakini wote tulimsikia. "Mimi nilisema nimeona maji ndani ya nyumba, na patipati za Shosho. Sikusema Thika. Sikusema mto. Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Shosho alivua viatu vyake vya ibada, akakunja gauni, akachukua kitambaa cha deki, akapiga magoti sakafuni. Ikabidi wote tuiname. Hakuna aliyesema neno hadi sakafu ilipokauka.

Shosho alikaa kwetu hadi godoro lake likauka pia, na siku hizo zilibadilisha nyumba kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Jioni moja alimketisha wajina wake kibarazani, baba yake akiwa ndani anajifanya anasoma gazeti, akamsimulia walikotoka Wakorino. Alimweleza kwamba katika miaka ya 1920 vijana wa Kikuyu walianza kujitenga kuomba, wakaota, wakaona, watu wakawaita Arathi. Serikali ya kikoloni iliwashuku. Mwanzoni mwa 1934 polisi waliwaua watatu wao katika msitu wa Ndarugu: Joseph Ng'ang'a, Samuel Muinami na John Mung'ara. Jomo Kenyatta aliwaandika watu hao wa maombi katika kitabu chake Facing Mount Kenya, 1938. "Mto wenye jina la msitu huo ndio uliouvuka juzi ukija kunichukua," alimwambia.

Binti aliuliza kama yeye pia atauawa. Shosho alimshika mkono. Alisema watu wale waliteswa na wa nje, lakini makanisa yao yameumizwa zaidi na wa ndani, na ndoto zilizosemwa bila kupimwa. Katika kusanyiko lake yeye, alisema, mwenye ndoto huileta mbele ya wazee kwa maneno yale yale aliyopewa, kisha anaketi. Hana ruhusa ya kuifasiri peke yake, na wao hawana ruhusa ya kumwongezea maneno. Nyingine hungoja, nyingine hutupwa, na mwenye kuota haaibiki. Nilisikia gazeti likikunjwa ndani.

Kesho yake mchungaji wetu wa Ruiru alikuja kutupa pole, na mkate na kilo mbili za sukari. Shosho alimtaka afungue Matendo ya Mitume, sura ya 21. Tulisoma tukiwa wote, hata shangazi. Nilikuwa nimeipita sura ile mara nyingi bila kuona kinachosimuliwa. Paulo amefika Kaisaria nyumbani kwa Filipo, baba mwenye mabinti wanne wasioolewa, wote wenye karama ya unabii. Nabii Agabo anakuja, anajifunga kwa mshipi wa Paulo, anasema mwenye mshipi huo atafungwa hivyo Yerusalemu. Alichoona kilikuwa kweli. Lakini marafiki ndio walioongeza hitimisho lao: basi usiende. Walilia, walimsihi. Paulo akaenda, na akafungwa, na kwenda kule kulikuwa sawa. Mchungaji alituonyesha pia kwamba mwandishi hakuandika neno hata moja la wale mabinti wanne. Walikuwa na karama, waliishi kwa baba yao, na hakuna aliyewasukuma mbele ya mgeni mashuhuri waonyeshe wanachoweza. Kisha akafungua barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, pale Paulo anapoagiza manabii wawili au watatu wanene na wengine wapime, na kwamba roho ya nabii iko chini ya nabii mwenyewe. Binti aliinua kichwa aliposikia hilo la mwisho. Aliuliza, "Kwa hiyo ninaweza kunyamaza?" Mchungaji akamwambia anaweza. Akalala usiku ule hadi saa mbili asubuhi.

Utaratibu uliwekwa mezani na kila mtu akausikia. Hakuna anayepanda ngazi zetu kuja kuuliza. Hakuna zawadi wala sadaka inayopokewa, hata mandazi ya bure. Binti akiona jambo, anaandika kwenye daftari lililonunuliwa kwa kazi hiyo, tarehe na maneno, bila fasiri, na daftari linasomwa na watu wawili tu: Shosho, na baba yake. Ndiyo, baba yake. Alijitaja mwenyewe. Alisema kama Filipo aliweza kulala katika nyumba yenye manabii wanne, yeye atajaribu na mmoja. Mimi sikuwekwa, na niliona ni haki, kwa sababu mama huamini haraka mno lolote linalomhusu mwanawe.

"Na nikikosea?" binti aliuliza.

"Ukikosea tutakuwa tumekosea watatu," Shosho akajibu.

Shule zilifunguliwa tarehe 13 Mei. Huko bweni habari zilikuwa zimetangulia, na wasichana wa kidato cha nne walimwamsha usiku wakitaka maswali ya mtihani. Alimweleza mwalimu mlezi wa Muungano wa Kikristo, naye akalimaliza bila kelele.

Daftari lina kurasa chache. Baba yake aliniambia kuna ndoto moja waliyoipiga mstari, kwa kuwa haikuwa na kichwa wala miguu, na kwamba binti mwenyewe ndiye aliyeomba ipigwe. Kuna nyingine iliyowafanya wamtembelee mzee fulani mgonjwa wakamkuta peke yake bila chakula. Walimpikia, hawakumwambia kwa nini wamekuja. Nadhani hivyo ndivyo karama hii inavyotakiwa kutumika: mtu apikiwe.

Desemba shangazi alirudi na ile ploti. Bei ilikuwa imeshuka, muuzaji ana haraka, anataka amana kwa M-Pesa kabla ya Krismasi. Alimfuata mpwa wake jikoni akamsihi aombe walau usiku mmoja. Binti alikuwa anamenya viazi. "Tata," alimwambia kwa heshima, "nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi wa hati. Hilo halihitaji ndoto." Shangazi alinuna, lakini alikwenda. Ploti ilikuwa na kesi mahakamani.

Jirani wa chini tulimlipa dari na makochi, tukamaliza deni Februari. Mama muuza mandazi bado yuko pale pale, na humsalimia binti bila kumwomba lolote.

Ninapoandika haya, mwaka wa 2025, binti yetu anajiandaa kwa mtihani wa KCSE wa Novemba, na kemia bado inamsumbua. Wapo wanaoendelea kupiga simu, na wahubiri wanaotuma watu kumwalika kwenye mikutano. Kwenu nyote ninaandika haya kwa heshima: mwenye shida na aje tuombe naye sebuleni, sisi wazazi, mlango uko wazi. Mtoto tunaomba mumwache asome.